Una kadi?

Nilianza kazi ya uuguzi mwaka 1983 katika kituo kimoja cha afya wilayani Igunga, mkoani Tabora. Kwa miaka 13, baada ya salamu, neno la kwanza nililomwambia mgonjwa lilikuwa, "Unaumwa nini?" Kuanzia mwaka 1996 hilo likawa neno la pili. La kwanza likawa, "Una kadi?"

Nimestaafu sasa, naishi Tabora mjini kwa binti yangu. Wajukuu wako vyuoni, wakirudi likizo wanakuja na maneno mapya, na mojawapo ni uliberali mamboleo, yaani siasa ya kuliachia soko mambo yaliyokuwa ya serikali. Wanaueleza kama habari ya mbali: Chile ya Pinochet, Uingereza ya Margaret Thatcher, wakubwa wa Washington. Nawasikiliza hadi mwisho, kisha nawaambia kwamba kitu hicho kilipita dirishani kwangu, na mimi ndiye niliyeshika kitabu cha risiti. Wananitazama kama bibi aliyepotea njia katikati ya mazungumzo. Basi nimeona niandike.

Nianze na nilikotoka, nisije nikadhaniwa mtu wa kulilia zamani. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 12 lori lilipokuja kutuhamisha. Watu wa kwetu tulizoea kuishi tumetawanyika, kila kaya na mashamba yake na ng'ombe wake, na serikali ilikuwa imeamua wote tukae vijijini. Baba aliomba avune mtama kwanza. Hakusikilizwa. Mgambo waling'oa nyasi za paa letu tukiwa tumesimama uani, ili tusipate pa kurudi. Kule tulikopelekwa tulioneshwa kiwanja kabla ya kuoneshwa maji. Maji yalikuja baadaye, yakafuatiwa na darasa, kisha zahanati. Mimi ni zao la dola hiyo. Iliibomoa nyumba ya baba yangu, ikanisomesha bila ada hadi nikavaa gauni la uuguzi. Ilituamrisha kama watoto wadogo, na sitaki kuipamba. Ila mlangoni mwa zahanati haikutaka kujua tuna shilingi ngapi. Ilitosha kuwa mtu wa pale.

Nilipoajiriwa, hiyo bure tuliyojivunia ilikuwa imebaki ya karatasi. Nchi ilikuwa haijapumua tangu vita vya Kagera. Sanduku la dawa lilifika mwanzo wa mwezi, na wiki ya pili tulikuwa tunakung'uta makopo. Nilimwandikia mgonjwa dawa nikijua haipo, naye akaipokea karatasi kwa mikono miwili na kushukuru. Hakuna aliyelalamika. Ukimya ule uliniuma wakati ule na unaniuma hadi leo.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka. Mwaka uliofuata serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yakaanza kushuka moja baada ya jingine: shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yabanwe, mashirika ya umma yauzwe. Februari 1991 chama tawala kilikutana Zanzibar kikalegeza miiko ya uongozi. Kiongozi ambaye Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha na mshahara wa pili, sasa akaruhusiwa. Mwaka 1993 hospitali kubwa za serikali zikaanza kutoza. Ikaitwa kuchangia gharama. Huku vijijini tuliisikia kwenye redio tukadhani ni ya mjini.

Kisha Igunga ikachaguliwa. Hili wajukuu zangu hawakulijua na waliposikia walinyamaza kidogo: Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa kwanza kwetu, mwaka 1996, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kabla ya kutungiwa sheria mwaka 2001 na kusambazwa nchi nzima. Utaratibu ulikuwa hivi. Kila kaya ilipe shilingi 5,000 kwa mwaka ipewe kadi, na mwenye kadi atibiwe yeye na watu wa nyumbani kwake. Asiye na kadi alipe papo kwa papo kila anapokuja. Fedha zisiende hazina kuu, zibaki wilayani kununua dawa na kukarabati vituo. Na kwa kila shilingi ambayo wananchi wangechanga, serikali ingeongeza nyingine kama hiyo. Tuliliita hilo tele kwa tele. Semina ilifanyika mjini Igunga, tukapewa madaftari, vitabu vya risiti na kalamu, nikarudi kituoni nikiwa nimeamini.

Na niseme wazi kwamba nilikuwa na sababu ya kuamini. Ndani ya mwaka mmoja kabati la dawa lilikuwa na klorokwini mwezi mzima. Tulipata mizani mpya ya watoto. Dari iliyokuwa inaanguka juu ya chumba cha wazazi ilizibwa. Kubwa kuliko yote, watu walianza kusema. Kwenye mkutano wa kwanza wa kusoma mapato na matumizi, mzee mmoja ambaye nilimjua miaka yote kama mtu wa "ndiyo bwana mganga" alisimama akamkazia macho mganga mkuu wa kituo: "Mimi nimetoa elfu tano yangu. Nataka kujua sindano ya mke wangu ilikosekana vipi juzi." Nilitamani kumshangilia. Yule mzee hakuwa akiomba. Alikuwa akidai.

Mkutano uleule ndio ulionifumbua macho. Nyuma kabisa, chini ya mwembe, alikuwa amekaa bibi mmoja mjane, mkata kuni. Alinyoosha mkono. Kabla mwenyekiti hajampa nafasi, kijana mmoja, si mtu mbaya, kijana wa kwaya kabisa, akageuka akamwuliza, "Bibi, una kadi?" Bibi akashusha mkono. Mkutano ukaendelea. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyecheka. Kwenye muhtasari hakuna neno lililoandikwa juu ya jambo lile, na najua kwa sababu niliuandika mimi.

Miaka imepita mingi lakini bado narudi kwenye mkono ule uliposhuka. Bibi alikuwa mkazi wa kijiji kile kabla ya wengi wetu, na alikuwa amehamishwa na lori lilelile la 1974. Sauti ambayo yule mzee aliipata kwa shilingi 5,000 ilikuwa sauti ya kweli, ila ilikuwa imenunuliwa, na kilichonunuliwa na mmoja humpungukia asiye nacho. Kabla ya hapo wote wawili walinyamaza sawasawa. Sasa mmoja alikuwa na haki ya kuuliza na mwingine alikuwa na sababu ya kuona haya.

Nije kwenye watoto wa miaka minne.

Watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, pamoja na wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu na wa ukoma. Siku moja ya mwaka 1997, msimu wa mvua, baba mmoja alikuja na baiskeli, mtoto amefungwa kwa kanga kwenye karia, homa inamchoma. Nikauliza kadi. Hana. Nikauliza umri. "Sita." Alijibu mara moja, maana hakujua kuwa lile lilikuwa swali la fedha. Nikamwambia kiasi cha kulipa. Akanyamaza, akamfungua mtoto, akamlaza kwenye benchi langu, akapanda baiskeli kwenda kutafuta wa kumwuzia jogoo. Alirudi baada ya saa nne. Mtoto alikuwa ameshaanza degedege mikononi mwangu na nilikuwa nimeshamchoma sindano bila risiti. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini baba yake aliporudi na zile noti zenye jasho, na mimi nikazipokea, nikaandika risiti, nikachana, nikampa, nilihisi nimefanya kitu ambacho sikusomea.

Tangu siku hiyo nikawa nauliza namna nyingine. "Baba, mtoto huyu ana miaka minne, siyo?" Wengi walielewa. Wengine, waaminifu mno, walinisahihisha: "Hapana nesi, ana saba." Nikawaangalia hadi wakaelewa. Daftari langu likajaa watoto wa miaka minne. Nilijua wenzangu wa vituo vingine wanafanya vivyo hivyo, ingawa hatukuwahi kulizungumza.

Baada ya mwaka hivi wakaguzi walikuja kupitia madaftari. Hawakuuliza juu ya watoto. Waliuliza kwa nini makusanyo ya papo kwa papo yameshuka. Mmoja, mpole, alinikalisha pembeni akanieleza hesabu ambayo sikuwa nimeiona: "Dada, kila unayemwachia, unawapunguzia wenzake dawa. Watu wakiona wanatibiwa bila kadi, hawanunui kadi. Kadi zisiponunuliwa, tele kwa tele haiji." Alikuwa na haki, kwa hesabu ile. Kijiji chenye watu wa kununua kadi nyingi kilipata fedha za serikali nyingi. Kijiji cha wakata kuni kilipata kidogo. Fedha za umma zilikuwa zinafuata fedha za watu, na huruma yangu ilikuwa imegeuzwa kuwa wizi dhidi ya jirani wa yule ninayemhurumia. Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nimefundishwa kwamba adui yangu ni malaria. Sasa nikawa napima nani ananigharimu kiasi gani.

Vijana wanaposema kwamba soko liliiondoa dola, huwa nawabishia hapo. Kwetu dola haikuondoka hata hatua moja. Ilibadili pa kusimama. Ile iliyokuja na lori ilitutaka wote, kwa pamoja, twende mahali pamoja. Hii iliyokuja na risiti ilianza kutuchambua mmoja mmoja: mwenye kadi, asiye na kadi, mwenye msamaha, maskini, maskini sana. Na kuchambua watu ni madaraka makubwa kuliko niliyoyajua mwanzo.

Angalia barua ya mtendaji. Sera ilisema asiye na uwezo kabisa asamehewe, ila awe na barua ya serikali ya kijiji kuthibitisha umaskini wake. Siku hizo tulikuwa bado tuna kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003. Mtendaji alikuwa akiwafukuza watu hadi porini kuidai, wanaume wakilala kwenye vichaka vya miyombo kumkimbia. Basi kwa hati ileile ya mkono na muhuri uleule, mtendaji akapewa kazi ya kusema nani ni fukara. Asubuhi watu walimkimbia, mchana walimfuata. Nimeona mama akivua kitenge kizuri alichopewa na mwanawe na kuvaa kilichochanika kabla ya kwenda ofisini kwa mtendaji. Nimeona pia wanaume wazima wakikataa katakata kwenda. Mmoja aliniambia, "Mayu, niitwe maskini mbele ya mhuri? Bora homa." Baadaye ulipokuja mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini kwa ruzuku ya fedha, orodha zikawa zinasomwa hadharani, na nikaiona hali ileile: wanaotajwa wakainamisha vichwa, wasiotajwa wakanuna kwa kukosa. Fedha zile zimesomesha watoto ninaowajua kwa sura. Sizibezi. Nasema tu ni kazi nzito kuishi katika nchi ambayo lazima uthibitishe unyonge wako ndipo ikuone.

Wataalamu waliokuja kutathmini walituuliza mara nyingi kwa nini watu wa Igunga hawajiungi kwa wingi, kana kwamba hatujui kuchangiana. Sisi! Katika vijiji vyetu kila ukoo una chama cha kuzikana. Msiba ukitokea, kila kaya inaleta debe la mahindi au fedha kidogo, na asiye na mahindi anachota maji, anapasua kuni, analala msibani. Anayefukuzwa katika chama ni yule asiyefika. Aliyefika mikono mitupu hajawahi kufukuzwa. Tulijua kuchangia tangu kabla ya serikali yoyote. Tulichoshindwa kukielewa ni mchango usiokubali kuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuja mageuzi ya utumishi wa umma. Mwaka 2004 tukaanza kujaza fomu za OPRAS, kila mtumishi aweke malengo yake na kupimwa nayo. Na ukutani, karibu na ratiba ya chanjo, likabandikwa bango: Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Niliusoma nikiwa na chai yangu mkononi. Mteja ana haki ya kuhudumiwa kwa wakati, mteja ana haki ya kusikilizwa, mteja ana wajibu wa kutoa taarifa sahihi. Nilitafuta neno mwananchi. Halikuwapo.

Mjukuu wangu ndiye aliyenieleza asili ya mambo haya, na safari hiyo mimi ndiye niliyekaa kimya. Mwaka 1991, mwaka uleule wa kikao cha Zanzibar, waziri mkuu wa Uingereza John Major alizindua kitu alichokiita mkataba wa raia. Ndani yake raia aliahidiwa muda wa kungoja hospitalini, mahali pa kupeleka malalamiko, na fidia treni ikichelewa. Wao walibakiza jina la raia wakampa vitu vya mteja. Wazo hilo lilisafiri nchi nyingi, na lilipofika ukutani kwetu lilikuwa limeshalivua lile jina.

Sipingi adabu ambayo bango lile lilitufundisha. Wapo wauguzi walioacha kuwafokea wajawazito kwa sababu yake, na hilo peke yake lina thamani. Lakini mteja asiporidhika huenda duka jingine. Duka jingine kwetu lilikuwa kilomita 30 kwa baiskeli, na mwenye duka ni yuleyule. Mteja pia haulizwi dukani kama duka liwepo, liuze nini, kwa bei gani. Mwananchi huulizwa, au angalau ana mahali pa kulisemea.

Kaka yangu yeye yalimfika kupitia tumbaku. Alihamia Urambo ujanani, nchi ambayo Waingereza waliilima karanga kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940 wakashindwa vibaya, kisha tumbaku ikashika. Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa makampuni binafsi katikati ya miaka ya 1990, kaka alifurahi kuliko mimi na kadi zangu. Aliniambia sasa mkulima ni mfanyabiashara. Bei ikawa inatajwa kwa dola ya Marekani kwa kilo, na mtu ambaye hajawahi kushika dola akawa anajua ilivyosimama asubuhi ile.

Alinichukua mwaka mmoja nikaone soko. Marobota yamepangwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, mistari mirefu, harufu inapanda hadi machoni. Mteuzi wa serikali anapita, anachomoa jani, analitazama, anataja daraja, karani anaandika. Sekunde chache kwa robota moja. Mwaka mzima wa kaka yangu, kuanzia kitalu hadi kulala bani, banda la kukaushia majani, akichochea moto, unaitwa kwa herufi na namba mbili tatu. Mnunuzi yuko pale, ofisa wa ushirika yuko pale, wa halmashauri yuko pale anasubiri ushuru wa mazao. Nilimwuliza kaka, hili soko huru, serikali imetoka wapi? Akanijibu, "Dada, haijatoka. Imetoka kwenye mbolea tu."

Mbolea sasa ilikopwa. Chama kilichukua mkopo benki kwa jina la wanachama wote, na wote walidhaminiana. Mmoja akipata mvua mbaya au akiuza pembeni, deni lake lilikatwa kwenye malipo ya wenzake. Nimekwambia habari za vyama vya kuzikana. Fikiria sasa watu walewale. Msimu mmoja jirani wa kaka, mtu waliyesaidiana kujenga nyumba, alishindwa. Kaka alipokea malipo yake yamekatwa karibu nusu kwa deni la jirani. Wanachama wakaenda wenyewe, usiku, wakachukua mabati ya yule bwana. Hakuna polisi aliyehusika, hakuna mgambo. Kaka alikuwamo. Aliponisimulia sauti yake ilikatika, kwa sababu wote wawili tulikumbuka paa la baba. Mwaka 1974 waliolibomoa walikuwa wageni wametumwa. Safari hii dola haikuhitaji kutuma mtu.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini tofauti. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Nilipoisoma nilifurahi, hadi mjukuu aliponionesha ibara ya 7, inayosema mambo ya sehemu hiyo hayadaiwi mahakamani. Kwa hiyo haki imeandikwa, ila huwezi kuishika mkononi kama kadi. Nadhani ndiyo maana kadi ilitushinda nguvu. Ukiishika unajua unayo.

Jambo la mwisho lilitokea mwaka 2019, miaka mitatu kabla ya kustaafu. CHF ilikuwa imeboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita, mwandikishaji anapita nyumba kwa nyumba na simu, anapiga picha, anaingiza majina. Kijana aliyepewa kijiji chetu aliniomba nimsindikize kwa kuwa watu wananifahamu. Tulifika kwa mama mmoja wa miaka 50 na kitu, analea watoto wa marehemu dada yake pamoja na wajukuu. Fedha alikuwa nazo, ameuza mbuzi. Kijana akafungua simu, akasema, "Mama, nitajie majina."

Akataja manane.

"Sita, mama."

Akataja tena, polepole, akidhani kijana hakusikia. Manane. Yule kijana alinitazama. "Mama nesi, tuandike nani?" Nilikuwa nimeuliza watu maswali kwa miaka 36 na sikuwa na jibu. Mama alianza kupunguza mwenyewe. Alijitoa yeye kwanza. Akabaki na saba. Akawatazama watoto waliosimama mlangoni, mkubwa kwa mdogo, na hapo nikamwambia kijana azime simu.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimwomba jambo moja, kwamba liwekwe kwenye ajenda za mkutano mkuu wa kijiji, na lisisubiri mengineyo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano ule ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Hakuna sharti jingine. Alikubali kwa shingo upande, akisema mambo ya bima yana ofisi zake.

Siku ya mkutano yule mama alikaa nyuma, penye kivuli. Alipoitwa alisimama, akaeleza habari ya majina manane, akayataja yote. Watu walibishana hadi jua likapinda. Wengine walisema kila mtu abebe mzigo wake. Wengine walisema fedha za mnada zilizoko kwenye akaunti ya kijiji zilipie kadi ya pili kwa kaya kama hizo. Zilihesabiwa kaya 11. Kura zikapigwa kwa mikono, na kadi za pili zikapita. Mwaka uliofuata mtendaji alihamishwa, aliyekuja akasema hakuna kifungu cha matumizi hayo, na tukaitisha mkutano mwingine. Safari hiyo muhtasari aliuandika binti wa yule mama, kidato cha nne, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.